Mamba Aliyerudisha Uzi

Mimi ni mtu wa gredi kumi na mbili. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maandishi ya nani. Nilimaliza shule ya usiku nikiwa tayari bibi wa watu, nikiingia darasani na harufu ya samaki wakavu, kali kiasi kwamba mwalimu wa hesabu alifundisha akiwa amesimama mlangoni hata mvua ikinyesha. Siku matokeo yalipotoka, Nchelenge yote ilisimama. Ziwa Mweru lenyewe lilitulia, na wavuvi wa Puta wanasema samaki walitoa vichwa nje ya maji ili wasikie jina langu. Kama si kweli, basi ni karibu na kweli.

Kwa hiyo sista wa kliniki alipotangaza kwamba anataka watu wa kila kazi waje kufundishwa namna ya kumsaidia mtu aliyechoka na maisha, mtu anayefikiria kujiua, niliketi mstari wa mbele kabisa. Cheti kilikuwa mkobani, ikitokea kikahitajika.

Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Mchungaji wetu alikuwepo, na mwalimu, na mama mkunga, na msusi wa sokoni, na mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi aliyekuja kwa baiskeli toka kambi ya Mantapala akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Sista alikuwa na karatasi za rangi mbalimbali, kila kazi na karatasi yake. Ya mchungaji ilimwambia asianze na mahubiri; asikilize kwanza, sala itamngoja. Ya mwalimu ilimwonyesha mabadiliko ya kuangalia kwa mwanafunzi. Ya wazazi na ndugu ilisema wamwangalie mtu anayejitenga, anayeaga bila safari, anayegawa vitu alivyovipenda, na wakimwona hivyo waviweke mbali vitu vya hatari. Ya mkunga ilikuwa na maneno marefu ambayo hata mimi, pamoja na gredi yangu, niliyapita kwa heshima.

Ilipofika zamu yangu sista akauliza kazi yangu. Nikamwambia mfanyabiashara wa samaki, wa kimataifa, kwa kuwa mzigo wangu hutoka ng'ambo ya Kongo, tena mwenye cheti. Akapekua, akapekua, akanipa karatasi ya njano. Juu yake kumeandikwa: Rafiki na Jirani. Maneno machache, herufi kubwa kama za mtoto anayeanza shule. Niliumia. Msusi aliyekaa nyuma yangu alipata ya zambarau.

Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza na Kibemba, na nusu ya chumba ni sisi watu wa ng'ambo, tuliokimbia na Kiswahili chetu. Basi nikasimama kufasiri. Palipoandikwa "uliza" niliongeza methali, kisa cha mjomba wangu, na kiboko aliyemfukuza mjomba huyo toka ufukweni hadi Chienge. Sista anakijua Kiswahili kidogo, cha kununulia mafuta na sabuni. Alinigusa mkono akasema, "Mama, kwenye karatasi hakuna kiboko."

Jambo gumu lilikuwa mbele. Sista alisema ukimwona mtu ana dalili, usizunguke. Muulize waziwazi, kwa jina lake lile lile: unafikiria kujiua? Chumba kikanung'unika kama mzinga wa nyuki. Mchungaji alisema kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya uso wa mtu. Ni kama kuliita lije. Sista akajibu kwamba swali haliingizi wazo kichwani. Aliye nalo hupata mahali pa kulitua, asiye nalo atakwambia hapana na mtaendelea kunywa chai. Ukishauliza, nyamaza, umwachie yeye nafasi. Alipofika kwenye kunyamaza alinitazama mimi.

Tukafanya mazoezi wawili wawili, tukashindwa wote kwa sababu ya adabu. Mwenyekiti alianza vizuri, akaishia kumuuliza mwenzake kama alipata mbegu za mahindi. Mchungaji aliuliza akiwa amefumba macho, na aliyeulizwa akajibu "Amina". Mimi niliuliza kwa sauti safi, neno kwa neno, ila kabla mwalimu hajafungua kinywa nilikuwa nimeshamjibia, nimemfariji, na nimemtafutia mke. Sista aliandika kitu. Nadhani kilikuwa sifa.

Kando yangu siku ile alikaa mama mmoja mpole, jirani yangu sokoni, beseni lake la chisense, vile visamaki vidogo kama sindano, likigusana na langu. Tulivuka pamoja toka Kongo. Binti yake ameolewa hapa hapa Nchelenge na fundi wa boti, na fundi huyo ndiye sababu ya mimi kushika kalamu.

Nieleze kwanza undugu wetu. Huku koo hazina mpaka. Ziwa limekatwa katikati na serikali lakini koo hazikuambiwa. Mimi kwa mama yangu ni mtu wa Mamba. Fundi ni mtu wa Samaki. Mamba humla Samaki, kwa hiyo tangu mababu sisi ni watani, ba-nungwe kama wasemavyo Wabemba. Mtani anaweza kukutukana kwenye harusi na kukucheka kwenye msiba, na ukikasirika unaonekana hukulelewa. Mtani akikuta kuku wako anapita, anambeba. Harudishi. Hajawahi kuzaliwa mtani aliyerudisha kitu. Nilifika Zambia sina hata sahani, lakini wiki ile ile fundi alininyang'anya mwavuli wa kuazima, nikajua nimefika kwetu.

Fundi yule hakuwa na mfano. Boti zake za mbao ziko pande zote mbili za ziwa. Ukimuuliza mvuvi wa Kongo boti yako ilizaliwa wapi, ananyoosha mkono huku. Alikuwa na uzi mmoja, mrefu, mweusi, ambao aliupitisha kwenye unga wa makaa, akaubana pande mbili za ubao, akauvuta na kuuachia. Tap. Mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya hii. Uzi ule nilikuwa nimeapa kuunyang'anya, na yeye aliulalia kama mto.

Kisha mdogo wake alizama ziwani, ndani ya boti aliyoitengeneza yeye. Wenzake waliookoka walisema ni upepo, na kila mtu alisema ni upepo. Fundi aliitika, akashukuru watu kwa kuja msibani, akarudi kazini, lakini nyundo yake ikawa inalia mara chache. Kulikuwa na mengine pia, ya kulala na ya mwili, ambayo si yangu kuyaandika.

Baadaye nilipita karakana yake pale ufukweni na kuanza uchokozi wangu wa kawaida, kwamba samaki wa ukoo wake wamekonda siku hizi hata mamba anaona afadhali kula mboga. Alifungua uzi toka shingoni, akaniwekea mkononi, akasema, "Chukua, Mamba. Mi sitapima tena."

Nilishangilia. Niliufunga uzi kichwani kama kilemba cha mfalme, nikacheza toka ufukweni hadi sokoni, nikatangazia dunia kwamba ukoo wa Samaki umesalimu amri. Wauza nyanya walinipigia vigelegele. Hata polisi mmoja aliacha kazi kucheka, ingawa huenda alikuwa anamcheka mtu mwingine.

Mama mkwe wa fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma ya beseni, anautazama uzi kichwani mwangu.

"Mama," akasema, "ulimunyang'anya, ao alikupa?"

Nikafungua kinywa kujisifu, nikakumbuka. Alinipa.

Akaendelea polepole, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Randa, fundi alimpelekea mchungaji, mchungaji akaona ni sadaka. Tezo na msumeno vilikwenda kwa mafundi wenzake, nao ni wa ukoo wa Mamba kama mimi, wakasema utani umewazidi Samaki. Wiki nzima watu wa koo nyingine walikuwa wakienda kwake na kurudi wamebeba vitu wakicheka. Kila mmoja alidhani ni mchezo, kwa kuwa kwetu mtani kuondoka na kitu cha mtani ni jambo la kila siku. Lakini katika utani hakuna anayetoa. Mtu ananyang'anywa, anakimbiza, anatukana, nusu ya raha ni kukimbizwa. Huyu hakumkimbiza yeyote.

"Karatasi yangu inasema mutu anayegawa bintu anavyopenda," mama mkwe akasema. "Na bibi yake, mutoto wangu, iko Puta, anauguza dada. Fundi iko peke yake mu nyumba."

Nikamwambia basi nenda ukamuulize. Nilipomaliza kusema nikajua nimesema ujinga. Mkwe hamtazami mkwe. Mama huyu, kwa miaka yote ya ndoa ile, akimwona fundi njiani alijifunika kitenge na kupita nyuma ya nyumba za watu. Hata chumvi waliombana kupitia kwa mtu wa tatu. Angewezaje kumuuliza lile swali, uso kwa uso?

"Macho yangu haiwezi kukutana na yake," akasema. "Mchungaji ataombea tu. Lakini weye unamutukana kila siku na hakasirike. Weye ndiyo mutani. Neno lile, ni weye tu unaweza kulisema."

Nawaambia ukweli mtupu, bila kuongeza hata kiboko mmoja: niliogopa. Nilimpigia sista simu. Akanisikiliza, akasema niende sasa, niulize kama tulivyofunzwa, nisimwache peke yake, na yeye atakuwa kliniki ananisubiri. Nikamuuliza niende na karatasi gani, maana labda hii inataka ile ya zambarau. Akasema ile ile ya njano. Kisha akasema, "Na mama, unyamaze."

Nilimkuta amekaa juu ya boti iliyogeuzwa, haijaisha, mbavu nje. Aliponiona akajaribu kutabasamu kwa adabu, akasema Mamba, hukushiba? Nilikuwa na utani mzuri wa kumjibu. Ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaumeza, na nadhani haujawahi kumezwa utani mkubwa kama ule katika historia ya ukoo wa Mamba.

Nikafungua uzi kichwani, nikaukunja, nikamwekea magotini.

Alitazama uzi, akanitazama mimi. Nilimwona akishtuka, kwa sababu mtani harudishi kitu. Alielewa kabla sijasema lolote kwamba mimi niliyesimama pale sikuja kucheza.

"Kwa nini unarudisha?"

"Kwa sababu sikukunyang'anya," nikasema. Nikakaa kando yake juu ya boti. "Mutani, unafikiria kujiua?"

Nikanyamaza.

Msomaji, mimi nimebeba magunia. Nimetembea toka vitani na mtoto mgongoni. Nimefanya mtihani wa hesabu nikiwa na malaria. Hakuna kilichokuwa kizito kama kunyamaza kule. Maneno yalinipanda kooni kama mchele unaochemka: kwamba asiseme hivyo, kwamba Mungu yupo, kwamba mjomba wangu naye aliwahi kuonana na kiboko. Niliyafunika yote. Maji yaligonga mchanga, yakarudi. Mtu mmoja kule mbali alikuwa anapiga bati.

"Ndiyo," fundi akasema. Kisha: "Umejuaje?"

Sikumjibu kwamba ni mama mkwe wake. Nilimwambia tu endelea, nasikia. Naye akaendelea. Alisema kila ubao akiugusa anamwona mdogo wake. Alisema amechoka kuitikia watu kwamba ni upepo. Alisema aliona afadhali vitu vyake viwe kwa watu wanaovihitaji. Sikumwambia ana makosa, sikumwambia ni dhambi, sikumhesabia watoto wake. Niliitika kama mtu anayesikiliza wimbo mrefu. Alilia, na mimi nililia, na nikilia mimi mnajua: ziwa lilipanda.

Alipotulia nikamwambia kwamba jambo hili ni kubwa kuliko sisi wawili, na kuna sista anatungoja. Akasema hawezi kupita sokoni. Macho ya watu yatamsoma.

Hapo akili ya gredi kumi na mbili ikafanya kazi yake. Nikamuuliza, "Utakubali nikukamate?"

Akanyoosha mkono.

Basi nikamshika fundi kifundo cha mkono, nikapita naye katikati ya soko la Nchelenge nikipiga kelele kwamba hatimaye Mamba amevua Samaki, dume, mzima, anayetaka kilo asogee. Watu walivunjika mbavu. Mmoja aliuliza bei ya kichwa. Mwingine alisema samaki huyo ana miiba, nimwachie. Wauza nyanya walipiga vigelegele vile vile vya asubuhi, na katika kelele zote zile hakuna hata mmoja aliyejua anakopelekwa mtu yule. Mimi nilihisi mkono wake tu. Mwanzoni ulikuwa kama kamba iliyolowa. Tulipofika kwenye wauza vitenge, fundi akasema kwa sauti ya chini, lakini watu wakasikia, kwamba afadhali kuliwa na mamba kuliko kunusa mamba huyu. Soko lilipasuka. Nikajua mtani wangu bado yumo ndani.

Nilipogeuka nilimwona mama mkwe. Alikuwa anatufuata kwa mbali, kitenge kimefunika uso, sufuria ya uji kichwani. Tukisimama, anasimama. Tukienda, anakwenda. Mila inamkataza kumkaribia mkwewe, haijamkataza kumfuata. Alipofika kliniki aliketi nyuma ya ukuta, akamwita mtu wa tatu apeleke uji ndani, na hakuondoka hadi aliposikia mtu anakunywa.

Sista alizungumza na fundi mlango umefungwa. Baadaye akatuita, fundi mwenyewe akikubali, na kila karatasi ikapata kazi. Mchungaji na wazee wa kanisa walilala nyumbani kwa fundi kwa zamu hadi mkewe aliporudi toka Puta. Mchungaji aliahidi kutohubiri, na nasikia alijitahidi. Mama mkwe alikuwa anapika. Vyombo vyenye makali viliamriwa vibaki kule kule vilikogawiwa, hadi sista na mke wa fundi waseme. Uzi tu ndio aliruhusiwa kukaa nao. Mimi nilimsindikiza hospitali kila alipoitwa, nikimtukana njia nzima.

Siku moja sista akanishika mimi pembeni. Akauliza ninalalaje. Nikaanza hadithi. Akasema, "Mama, nakuuliza wewe." Nikakuta ninalia tena, bila kujua nilikuwa nimeyahifadhi wapi maji yote hayo. Akatoa karatasi nyingine, nyeupe, imeandikwa Kwa Anayesaidia, akaketi nami hadi chai ikapoa. Kumbe nilikuwa na karatasi mbili. Msusi ana moja.

Haikuwa njia iliyonyooka kama mstari wa uzi ule. Kulikuwa na asubuhi ambazo fundi hakutaka kuamka, na siku alipomwambia mkewe, yeye mwenyewe bila kuulizwa, kwamba leo asiachwe peke yake. Siku hiyo sista aliifurahia kuliko zote, nami sikuelewa mara moja kwa nini. Sasa naelewa.

Kisha serikali ikafungua uvuvi baada ya miezi ya kufungwa, wavuvi wakataka boti, na sista na mke wa fundi wakasema haya, vyombo virudi. Tulirudisha vyombo kwa maandamano. Mchungaji mbele na randa, kama anabeba Sanduku la Agano. Mafundi wenzake na tezo na msumeno, watu wa Mamba wakirudisha mali ya Samaki mchana kweupe, jambo ambalo mababu zetu huko waliko bado wanalijadili. Fundi alipokea kimoja kimoja. Akauchovya uzi kwenye makaa, akauvuta juu ya ubao wa ile boti iliyobaki mbavu nje. Tap. Nimesikia ngoma za kila aina na kengele za makanisa ya nchi mbili, lakini mlio ule ulifika hadi Kongo.

Boti iliisha. Inavua sasa, nyuma yake ameandika jina la mdogo wake.

Na wiki iliyopita nilikuwa nimeketi sokoni na samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Mweru, mtoto anaweza kumkalia mgongoni. Nilikuwa namweleza mteja wa Lubumbashi ubora wake. Ghafla mkono ukapita, samaki akaruka, nikamwona fundi anakimbia na samaki wangu begani, anacheka, anapiga kelele kwamba Samaki wamekuja kumchukua ndugu yao.

Nilimkimbiza. Nilimtukana yeye na ukoo wake hadi kizazi cha saba. Wauza nyanya walipiga vigelegele. Mama mkwe alijifunika kitenge haraka, kwa kuwa fundi alipita karibu na beseni lake, na kitenge chote kilikuwa kinatikisika kwa kicheko.

Samaki hakurudishwa. Na nisikie mtu anathubutu kumrudisha.